Jeraha la mtoto liulizwe asili yake kabla ya hospitali kumruhusu aende nyumbani

MTOTO wa miezi mitatu hapandi meza wala haparamii ngazi. Hajui kutambaa, hawezi kuketi bila kushikiliwa, na aghalabu pale alipolazwa ndipo anapokutwa. Kwa hivyo, mtoto wa umri huo anapofikishwa hospitalini akiwa amevunjika mfupa wa paja na aliyemleta akasema "alianguka", neno hilo moja halitoshi kuandikwa katika faili na faili kufungwa.

Hata hivyo, mara nyingi hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda. Foleni ni ndefu, tabibu ni mmoja, na mtoto analia. Mfupa unanyooshwa na kufungwa, dawa ya maumivu inatolewa, kisha mtoto anarejeshwa mikononi mwa watu wale wale waliomleta.

Ikiwa kweli aliangushwa kwa bahati mbaya, hakuna lililoharibika. Lakini ikiwa aliyemvunja anaishi naye chini ya paa moja, hospitali itakuwa imetibu mfupa na kumrudisha mtoto kwa adui yake. Safari ijayo huenda akaletwa akiwa maiti.

Mjadala kuhusu dhuluma dhidi ya watoto humu nchini umeelekezwa zaidi kwa polisi na mahakama. Hilo ni sawa, ila linasahau kwamba kwa mtoto mchanga asiyejua kusema, mtu wa kwanza wa nje kuuona mwili wake si polisi wala hakimu. Ni muuguzi, tabibu au daktari. Na saa yenye hatari kubwa kuliko zote ni ile ambapo mtoto huyo anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Ukubwa wa tatizo

Si kwamba tatizo ni dogo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, vijana wa kati ya miaka 18 na 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walisema walidhulumiwa kimapenzi. Waliosema walipigwa au kuumizwa mwili walikuwa asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume.

Utafiti kama huo uliporudiwa mwaka 2019, takwimu zilikuwa zimeshuka. Waliodhulumiwa kimapenzi walikuwa asilimia 15.6 ya wanawake na asilimia 6.4 ya wanaume, nao walioumizwa mwili walikuwa asilimia 38.8 ya wanawake na asilimia 51.9 ya wanaume.

Upungufu huo ni wa kutia moyo. Lakini hata kwa hesabu hiyo ya pili, nusu nzima ya vijana wa kiume wa taifa hili walikua wakiumizwa. Watoto hao walipita katika zahanati zetu kwa chanjo, kwa homa na kwa vidonda. Waliulizwa wanaumwa wapi. Ni wangapi walioulizwa ni nani aliyewaumiza?

Ikumbukwe kwamba hata wataalamu walichukua muda mrefu kuliona jambo hili. Mnamo 1946, mtaalamu wa eksirei nchini Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovuja juu ya ubongo na pia mifupa iliyovunjika, bila maelezo ya kuridhisha ya jinsi walivyoumia.

Ilichukua miaka 16 zaidi kabla ya daktari Henry Kempe na wenzake wa Colorado kulitaja jambo hilo waziwazi. Katika makala yao ya mwaka 1962 walieleza kwamba hospitali 71 walizoziuliza zilikuwa zimewaona watoto 302 wa aina hiyo katika mwaka mmoja. Kati yao, 33 walifariki na 85 wakabaki na madhara ya kudumu ya ubongo.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba hakujua. Kufikia 1967, majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kuripoti dhuluma kwa watoto.

Mwili unavyosema

Je, tabibu atajuaje? Kanuni ya kwanza ni kulinganisha jeraha na maelezo, kisha kulinganisha maelezo na umri. Mtoto anayejifunza kutembea hujigonga paji la uso, magoti na miundi. Hizo ni sehemu zinazotangulia anapoanguka. Lakini damu ikivilia chini ya ngozi ya sikio, shingo, tumbo au mgongo wa mtoto mdogo, pana haja ya kuuliza zaidi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliweka wazi jambo hili. Kwa mtoto asiyezidi miaka 4, alama za kuvilia damu kiwiliwilini, masikioni au shingoni ni ishara ya kutiliwa maanani. Kwa mtoto wa chini ya miezi 4, alama kama hiyo mahali popote mwilini inatosha kumfanya daktari asimame na kutafakari.

Kuchomwa kwa maji moto nako kuna lugha yake. Mtoto aliyejimwagia uji au chai huungua ovyo, huku maji yakitiririka na kuacha madoa yasiyo na mpango. Aliyetumbukizwa miguu au mikono katika maji moto huungua kwa mpaka ulionyooka, mfano wa soksi au glavu, na pande zote mbili huweza kufanana.

Kuna pia jeraha lisiloonekana kabisa. Mtoto mchanga aliyetikiswa kwa nguvu anaweza kufikishwa hospitalini akitapika, akisinzia au akipatwa na kifafa bila hata mkwaruzo ngozini. Katika nchi yenye malaria na homa ya uti wa mgongo, ni rahisi kwa dalili hizo kuhesabiwa kuwa za maradhi hayo pekee.

Fauka ya hayo, kuna mienendo ya kuzingatiwa. Kwa nini mtoto aliyeumia Jumatatu ameletwa Alhamisi? Kwa nini mama anatoa maelezo haya, na nyanya yake mtoto maelezo mengine? Kwa nini hii ni mara ya tatu, na kila mara ni zahanati tofauti?

Hakuna ishara hata moja kati ya hizi iliyo hukumu. Kila moja ni swali tu, na swali halina budi kuulizwa.

Upande wa pili

Haki inadai tuseme pia kwamba tabibu anaweza kukosea kwa kumshuku asiye na hatia. Wapo watoto wanaozaliwa na mabaka ya kibuluu mgongoni na matakoni, na jambo hilo ni la kawaida sana miongoni mwa watoto wa Kiafrika. Mtu asiyejua anaweza kudhani ni alama za kipigo.

Wapo wenye ugonjwa wa kurithi unaoifanya mifupa ivunjike kwa urahisi, na wengine ambao mifupa yao imelainika kwa kukosa vitamini D. Wapo ambao damu yao haigandi inavyopasa. Mzazi wa mtoto kama huyo tayari ana mzigo wake, na kumwita mhalifu ni kumtwisha mwingine.

Isitoshe, umaskini si dhuluma. Mama anayeuza mboga barabarani na kumwacha kitinda mimba na dada yake wa miaka minane hafai kuchukuliwa sawa na anayemchoma mtoto kwa sigara. Wa kwanza anahitaji msaada. Nayo dhuluma haichagui mtaa. Inapatikana katika majumba yenye ua na walinzi kama inavyopatikana katika vibanda vya mabati.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kila mtoto anayefika hospitalini ahojiwe kuhusu dhuluma. Linapendekeza mhudumu awe macho na aulize pale ambapo hali ya mtoto inaleta shaka.

Namna ya kuuliza ni muhimu pia. Mtoto anayejua kusema azungumziwe faraghani, kwa lugha anayoielewa, kwa maswali yasiyomtia maneno kinywani. "Niambie kilichotokea" ni swali. "Ni mjomba aliyekufanya hivi, sivyo?" ni kosa linaloweza kuivunja kesi baadaye.

Funzo la Victoria

Mfano unaoonyesha wazi hatari ya kumruhusu mtoto aende nyumbani kabla ya swali kujibiwa ulitokea London. Victoria Climbié alikuwa msichana wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, aliyepelekwa Ulaya na shangazi ya mzazi wake kwa ahadi ya elimu bora. Ni ahadi ambayo hata hapa kwetu imewatoa watoto wengi vijijini na kuwaleta kwa jamaa wa mijini.

Mnamo Julai 14, 1999, Victoria alifikishwa katika hospitali moja ya jiji hilo akiwa na alama nyingi mwilini. Ilihitimishwa kwamba alikuwa na upele, naye akarudi nyumbani. Siku 10 baadaye alifikishwa katika hospitali ya pili akiwa ameungua usoni, akalazwa kwa takriban majuma mawili.

Katika wodi hiyo, wauguzi waliona mengi. Waliona makovu na waliona jinsi msichana alivyobadilika mlezi wake alipomtembelea. Lakini mengi waliyoyaona hayakuandikwa katika faili, na kila ofisi ilidhani ofisi nyingine inalishughulikia jambo hilo. Akaruhusiwa tena.

Victoria alifariki Februari 25, 2000. Uchunguzi wa maiti ulipata majeraha na makovu 128. Mlezi wake pamoja na mpenzi wake walipatikana na hatia ya mauaji mnamo Januari 2001.

Tume iliyoongozwa na Lord Laming ilitoa ripoti yake Januari 2003 ikiwa na mapendekezo 108. Mojawapo linafaa kubandikwa katika kila wodi ya watoto: mtoto ambaye kumekuwa na shaka kwamba ameumizwa makusudi asiruhusiwe kuondoka hospitalini bila idhini ya daktari mkuu anayemhudumia, na bila mpango ulioandikwa wa jinsi atakavyolindwa.

Pendekezo hilo halihitaji mashine wala mkopo kutoka ng'ambo. Linahitaji kalamu, na mtu wa kuwajibika.

Sheria zipo

Kenya haina upungufu wa sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na aina zote za ukatili, na kinasema maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 29 kinapiga marufuku adhabu ya viboko. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza ni mtoto yupi anayehitaji malezi na ulinzi, na inawapa maafisa wa watoto na mahakama uwezo wa kumpeleka mahali salama.

Kwa upande wa unajisi, Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Kanuni za mwaka 2012 chini ya sheria hiyo zinataka mwathiriwa atibiwe bure katika hospitali ya umma, na zinamtambua muuguzi na tabibu pamoja na daktari kuwa wanaoweza kutoa huduma hiyo.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotezwa. Huambiwa, "Nendeni kwanza polisi mkachukue P3." Mtoto aliyenajisiwa hatakiwi kungojea karatasi yoyote. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zijulikanazo kama PEP, zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, nazo hutumiwa kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba kwa msichana aliyebaleghe zina kikomo cha saa 120. Kila saa inayopotea kituoni inahesabiwa mwilini mwa mtoto.

Hospitali ina fomu yake yenyewe, maarufu kama PRC, inayojazwa papo hapo mgonjwa anapopokelewa. Hutengenezwa nakala tatu, za polisi, mwathiriwa na hospitali. Nguo alizovaa mtoto zinapaswa kuhifadhiwa katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki unaozuia hewa na kuozesha ushahidi. Fomu ya P3 inaweza kufuata baadaye.

Jambo jingine linalostahili kufahamika ni kwamba daktari akikosa kuona alama sehemu za siri, hilo si thibitisho kwamba hakuna lililotendeka. Watoto wengi walionajisiwa hukutwa bila alama yoyote. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi za aina hii kwa ushahidi wa mtoto pekee, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake.

Wavulana nao wasisahauliwe. Sheria inasema "mtoto", haisemi "msichana". Mvulana aliyenajisiwa huja na maumivu ya tumbo, huanza tena kukojoa kitandani au hukataa shule, na mara nyingi hakuna anayewazia kumuuliza.

Kimya kinatoka wapi?

Iwapo sheria zipo na miongozo ipo, mbona faili nyingi bado zinasema "alianguka"?

Sababu ya kwanza ni kwamba mhudumu anaogopa mahakama. Akiandika kwamba jeraha haliafikiani na maelezo, anajua ataitwa shahidi. Kesi itaahirishwa mara kadhaa, nauli atajilipia, na huenda wakati huo amehamishiwa kaunti nyingine. Mwenzake aliyeandika neno moja hasumbuliwi na yeyote.

Ya pili ni kwamba anaishi na watu. Katika vituo vidogo, mshukiwa anaweza kuwa mwalimu wa watoto wake, mzee wa kanisa au mwenye nyumba yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na anayemwumiza mtoto kwa kawaida ni mtu anayejulikana.

Ya tatu ni suluhu za nyumbani. Wazee huketi, faini ya mbuzi au ng'ombe ikalipwa, na mtoto ambaye ndiye aliyeumizwa hapati hata ndururu wala neno la pole. Katika maeneo ya kaskazini mashariki, utaratibu wa maslaha umelaumiwa kwa muda mrefu kwa kuzizima kesi za unajisi. Ila mficha maradhi kilio humuumbua.

Ya nne ni kwamba mhudumu hana imani na hatua inayofuata. Anauliza, "Nikiripoti, ni nani atakayekuja?" Shaka hiyo haikosi msingi. Mnamo Mei 2013, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutofanya uchunguzi wa haraka na wa kitaaluma. Uamuzi huo ulisifiwa duniani, lakini uamuzi hauwezi kupokea simu usiku wa manane.

Watawala wa hospitali nao husema hawana mamlaka ya kumshikilia mtoto mzazi wake anapotaka kuondoka naye. Kauli hii inashangaza ukizingatia historia yetu. Mwaka 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kukosa kulipa bili walinyimwa haki zao.

Hospitali zetu, basi, zimewahi kujua jinsi ya kumzuia mama asiondoke kwa sababu ya deni, kinyume cha sheria. Haiwezekani zikose njia ya halali ya kumlaza mtoto usiku mmoja kwa ajili ya usalama wake, hadi afisa wa watoto afike asubuhi.

Yanayowezekana sasa

Kuna hatua ambazo zinaweza kuchukuliwa bila kungojea Bunge. Kwanza, kila hospitali ya kaunti iwe na kanuni moja iliyoandikwa: palipo na shaka, mtoto haruhusiwi kwenda nyumbani hadi daktari wa ngazi ya juu amtazame na faili lionyeshe anakwenda wapi, kwa nani, na ni nani atakayemfuatilia.

Pili, kila zahanati iwe na jina na nambari ya simu ya afisa wa watoto wa eneo hilo, ukutani, pamoja na nambari 116 ya Childline Kenya, ambayo hupigwa bila malipo. Mhudumu aliye peke yake usiku asianze kutafuta amwite nani.

Tatu, anayetoa ushahidi asigharimike. Kaunti zimlipie nauli na zimhesabie siku ya mahakamani kuwa siku ya kazi. Na pale anapotishwa, mwajiri wake asimame naye hadharani.

Nne, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wafunzwe kuzitambua ishara hizi. Wao ndio wanaoingia nyumbani. Mtoto akiruhusiwa kutoka hospitalini Ijumaa, mhudumu wa kijiji anaweza kumtembelea Jumatatu kumwangalia, jambo ambalo daktari hawezi kulifanya.

Tano, mafunzo ya uuguzi na utabibu yaipe kalamu uzito unaoupata mkono unaodunga sindano. "Alama ya damu kuvilia, urefu wa sentimita 4, nyuma ya sikio la kushoto, mama asema alianguka kitandani jana jioni" ni sentensi fupi. Inaandikwa kwa muda usiozidi dakika moja. Miaka miwili baadaye, mbele ya hakimu, inaweza kuwa ndiyo pekee inayosema kwa niaba ya mtoto.

Wapo watakaosema kwamba matabibu wetu wana kazi nyingi mno kuongezewa ya upelelezi. Lakini hakuna anayewataka wapeleleze. Kuthibitisha nani alitenda ni kazi ya polisi, na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kazi ya hospitali ni kuona, kuuliza, kuandika na kuita. Ikishindwa kuyafanya hayo manne, polisi hawatakuwa na pa kuanzia na hakimu hatakuwa na la kusoma.

Mtoto wa miezi mitatu hawezi kupiga 116. Hawezi kwenda kwa chifu wala kukataa kubebwa kurudi nyumbani. Anayeweza kukataa kwa niaba yake ni yule mwenye kalamu ya kutia sahihi karatasi ya kumruhusu aondoke.